Kayongo na Njia ya Kuishinda Shambani

Katika nchi ya Homa Bay na Migori, kutoka Mbita na Ndhiwa hadi Uriri na Rongo, neno kayongo halihitaji kufasiriwa. Ni gugu lenye maua ya rangi ya waridi na zambarau, zuri kwa macho, ambalo huota karibu na mashina ya mahindi na mtama. Wimbi wa Wakuria na hata miwa havisalimiki mbele yake. Wakulima wa Tanzania huliita kiduha, nao Waingereza wamelipa jina la gugu la mchawi. Mwenye kuliona shamba lililoshikwa hatastaajabia jina hilo. Mvua imenyesha, palizi imefanywa kwa wakati, lakini mahindi yamesinyaa na kubaki mafupi yenye majani ya manjano, kana kwamba yamerogwa, wala juu ya ardhi hakuna adui anayeonekana.

Adui yuko, ila yuko chini. Asiyeamini na atwae jembe, achimbe polepole kulizunguka shina moja lililodhoofika, alitoe pamoja na udongo wake, kisha atie mizizi katika beseni ya maji na kuiosha bila kuivuta. Udongo ukiisha kuondoka, ataona vijiti vyeupe, laini, vimeshikamana na mizizi ya mahindi. Hivyo ndivyo vichipukizi vya kayongo ambavyo havijapata kuliona jua. Kila kimoja kimepenyeza kiungo chake ndani ya mzizi wa mahindi na kunyonya maji na chakula kama kupe anyonyavyo damu ya ng'ombe. Hukaa huko kwa majuma manne na zaidi kabla ya kutokeza nje, na sehemu kubwa ya hasara hufanyika katika majuma hayo ya giza.

Kwa hiyo mkulima ang'oaye kayongo iliyokwisha kuchanua hayaponyi mahindi ya msimu ule. Kazi yake si bure, maana anayaokoa mahindi ya miaka ijayo, lakini ni lazima aifanye kabla vidonge vya mbegu havijakauka na kupasuka. Mmea mmoja wa kayongo huweza kutoa mbegu makumi ya maelfu, nazo ni ndogo kama vumbi. Hushikamana na kwato za ng'ombe, na plau iliyoazimwa kwa jirani, na viatu, na mbegu za mahindi zilizonunuliwa sokoni bila kupepetwa vema. Zikiisha kuingia katika udongo huweza kukaa hai zaidi ya miaka 10. Mtu akiacha mimea michache ipukutishe mbegu kwa sababu ya uvivu wa juma moja, mwanawe atairithi kazi hiyo.

Je, mbegu ndogo kama vumbi yawezaje kujua kwamba mahindi yamepandwa juu yake? Hili ni swali walilojiuliza mabingwa wa elimu ya mimea kwa miaka mingi, na jibu lake lastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa dawa yote imejengwa juu yake.

Mbegu ya kayongo haina akiba ya chakula ya kutosha. Ikichipua mahali pasipo na mzizi wa kunyonya, hufa baada ya siku chache, kwa maana kijimzizi chake hakiwezi kutambaa zaidi ya milimita chache. Basi imejifunza kungoja. Hulowa maji ya mvua, ikapata joto, na bado haichipui mpaka ipate habari kwamba mzizi u karibu. Habari hiyo huletwa na kemikali itokayo katika mizizi yenyewe. Mwaka 1966 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba wameipata kemikali ya namna hiyo katika mizizi ya pamba, na leo jamii nzima ya kemikali hizo huitwa strigolaktoni, kwa kufuata jina la kitaalamu la kayongo, yaani Striga.

Hapa msomaji mwenye akili atauliza: mahindi yana wazimu gani hata yamwite adui yake? Jibu lilikawia kupatikana. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kemikali hizo ni wito kwa kuvu wema walio ardhini. Kuvu hao huishi pamoja na mizizi, nao huieneza mikono yao myembamba kama nyuzi za buibui mbali kuliko mzizi uwezavyo kufika, wakauletea mmea fosforasi. Mmea nao huwalipa kwa sukari. Kumbe mahindi yanamwita rafiki, na kayongo imetega sikio mlangoni.

Jambo hili laeleza tena kwa nini kayongo na shamba lililochoka huenda pamoja. Mmea wenye njaa ya fosforasi na naitrojeni hupaza sauti zaidi kuwaita wasaidizi wake, na kadiri sauti inavyozidi ndivyo mbegu za kayongo zinavyozidi kuamka. Mahali palipopandwa mahindi juu ya mahindi kwa miaka 20 bila samadi, kayongo hustawi. Mwenye zizi na asiache samadi ikauke juani bure.

Tena, mdokozi anayetegemea kusikia aweza kudanganywa. Mbegu ikiitwa, ikachipua, isikute cha kunyonya, imekwisha kufa, nayo imepungua katika hazina ya udongo. Pamba na soya huweza kufanya kazi hiyo: mizizi yake huita, lakini haikubali kunyonywa. Huko Marekani, ambako kayongo ya aina nyingine ilionekana mwaka 1956 katika majimbo ya Carolina, Serikali iliingiza gesi ya ethilini ndani ya udongo ili kuziamsha mbegu na kuziua kwa njaa. Njia hiyo ilifaa, lakini yataka mashine na fedha nyingi, wala haimhusu mwenye nusu ekari kule Suba.

Njia ya kumfaa mtu huyo ilipatikana karibu na nyumbani kwake. Pale Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, pana kituo cha utafiti cha icipe, shirika la elimu ya wadudu lililoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mwana wa Kenya, na lenye makao yake makuu Nairobi. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa icipe, wakiongozwa na Dokta Zeyaur Khan na kusaidiwa na wenzao wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walikuwa wakitafuta njia ya kuwazuia funza wa mabua bila kununua dawa ya kunyunyiza. Walijaribu kupanda mimea mbalimbali kati ya mistari ya mahindi. Mmoja wao ulikuwa desmodiamu, mmea utambaao wa jamii ya kunde, ambao asili yake ni Marekani ya Kusini, nao hutumiwa kuwa chakula cha mifugo. Walipokagua viwanja vyao, waliona kwamba palipokuwa na desmodiamu kayongo ilikuwa karibu kwisha, na jirani yake imejaa. Walikwenda kuwinda funza, wakarudi na kayongo.

Sababu ilitafutwa baadaye. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zaidi ya moja. Nyingine huzifanya mbegu za kayongo zichipue, na nyingine huvizuia vijimzizi vyake visikue wala kuushika mzizi wa mahindi. Yaani mbegu huitwa chakulani, ikiisha kutoka nyumbani mlango ukafungwa nyuma na mbele. Zaidi ya hayo desmodiamu huufunika udongo usikauke, na kwa kuwa ni wa jamii ya kunde huongeza naitrojeni. Nayo, tofauti na pamba, haihitaji kuyaondoa mahindi shambani kwa msimu mzima. Mahindi na mtego wake hukaa pamoja, mwaka baada ya mwaka.

Kuhusu funza wa mabua, njia hiyo ilipewa jina la sukuma-vuta. Kuzunguka shamba hupandwa mistari mitatu ya majani ya Napier. Nondo wa funza huruka jioni, na wakati huo Napier hutoa harufu iwavutayo kupita mahindi. Hutaga mayai huko, na funza waanguliwapo wengi hufa kwa sababu Napier hutoa utomvu wa kunata pale wanapotoboa. Hiyo ndiyo "vuta". Ile "sukuma" ilisemwa kuwa ni harufu ya desmodiamu kuwafukuza nondo. Lakini mwaka 2024 watafiti wengine waliandika kwamba harufu hiyo ni kidogo mno, na kwamba desmodiamu huwanasa na kuwaua funza kwa vinywele vidogo vya majani yake. Mabishano ya mabingwa hayo yasimshtue mkulima. Elimu huenda hivyo, na Napier na desmodiamu zake ziko pale pale shambani.

Upandaji wake wahitaji mkono mwangalifu kuliko nguvu. Napier hupandwa kwanza ili itangulie mahindi. Mahindi hupandwa kwa mistari iliyoachana sentimita 75, na katikati ya kila mistari miwili huchorwa mfereji mwembamba wa kina cha sentimita 1 au 2, basi. Mbegu za desmodiamu ni ndogo sana, hata zikifukiwa kama mahindi hazitatoka. Huchanganywa na mchanga mkavu laini ili zienee sawasawa, na kilo 1 hutosha ekari 1. Ardhi na ilainishwe vizuri kabla ya mvua ndefu, zile ambazo Wajaluo huziita chwiri.

Katika msimu wa kwanza ndipo wengi hukata tamaa. Desmodiamu hukua polepole mno mwanzoni. Mpaliliaji asiyeijua huing'oa pamoja na magugu, na asiyeing'oa hutazama vijani vitatu vitatu vilivyotambaa hafifu na kusema amedanganywa. Kayongo ya mwaka huo itatokea bado, nayo sharti ing'olewe kwa mkono kabla ya kupukutisha. Palizi mbili za mapema, karibu na juma la tatu na la sita, ni za lazima. Kuanzia msimu wa pili mambo hugeuka. Desmodiamu haipandwi tena wala hailimwi. Hukatwa ili isiyafunike mahindi machanga, na mahali pa mstari wa mahindi tu ndipo hufukuliwa. Majani yaliyokatwa, pamoja na Napier, hupewa ng'ombe wa maziwa au mbuzi. Watafiti wa Mbita wameripoti kwamba mashamba yaliyotoa chini ya tani 1 ya mahindi kwa hekta yamefikia tani 3 na zaidi katika njia hii.

Kama faida ni kubwa hivyo, kwa nini si kila shamba la Nyanza Kusini lililo na desmodiamu? Sababu si ujinga, kama wasemavyo baadhi ya watu wa mjini. Kwanza, desmodiamu hukaa shambani mwaka mzima, na desturi katika vijiji vingi ni kuifungulia mifugo ile mashina ya mahindi baada ya mavuno. Ng'ombe wa jirani hawajui mpaka. Asubuhi moja yatosha kumaliza kazi ya miaka miwili, hivyo shamba lahitaji ua, au wazee wa kijiji wakubaliane juu ya malisho. Pili, mwenye kukodi shamba kwa msimu mmoja hawezi kupanda kitu kitakachomfaa mwenye ardhi mwaka ujao. Hali kadhalika mjane ambaye haki yake juu ya shamba ingali ikijadiliwa na shemeji zake. Kayongo imo katika shamba lake, na dawa aijua, lakini kwanza ahitaji kuwa na hakika kwamba ndiye atakayevuna. Sukuma-vuta haiwezi kuliondoa shauri hilo; ni la baraza na la familia.

Napier nayo ina ugonjwa wake uidumazao, ambao umeenea sana Magharibi ya Kenya. Chipukizi lenye majani mafupi ya manjano lisichukuliwe kupandwa, ling'olewe lote. Na kwa sehemu kavu, kama zile za kandokando ya ziwa, wataalamu wamechagua aina ya desmodiamu yenye majani ya kijani tupu na nyasi za brakiaria mahali pa Napier, kwa kuwa hizo huvumilia jua zaidi.

Ipo pia mbegu ya mahindi iliyopakwa dawa ya kuua gugu, ambayo imeuzwa Kenya kwa jina la Ua Kayongo, neno moja la Kiswahili na moja la Kijaluo. Dawa hiyo huiua kayongo inapojaribu kuushika mzizi, na mahindi hayo yamezalishwa ili yaivumilie. Atumiaye mbegu hiyo na anawe mikono kabla ya kushika mbegu nyingine, wala asitie maharagwe katika shimo moja nayo, maana maharagwe hayaivumilii. Inafaa, lakini hununuliwa kila msimu.

Mbegu za desmodiamu ni ghali na mara nyingine hazipatikani dukani. Hata hivyo mmea huo hukubali kupandwa kwa vipande vya mitambaa kama viazi vitamu. Mtambaa uliokomaa hukatwa wakati udongo umelowa vema, vifundo viwili au vitatu vikafukiwa, ncha ikaachwa nje. Mkulima mwenye mstari mmoja uliostawi aweza kumgawia jirani yake bila kupungukiwa, kisha jirani akamgawia mwingine, na hivyo ndivyo mashamba kadhaa ya Mbita na Rachuonyo yalivyoanza.