Dondoo muhimu: Simu ikiingia maji

• Izime papo hapo, toa laini na kava, ifute kwa kitambaa kikavu. Usiichaji.

• Usiifukie kwenye mchele. Vumbi lake huingia tundu la chaji. Iweke penye hewa.

• Simu nyingi zina kibandiko cheupe ndani, kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Hicho ndicho wakala wa matengenezo wa kampuni ya simu hukitazama kwanza. Hata simu ya IP68 (kiwango cha kustahimili maji), waranti kwa kawaida haihusu uharibifu wa maji.

• Usianzie kwa fundi wa mtaani: ikishafunguliwa, unaweza kupoteza waranti.

• Ukiikabidhi kwa wakala, dai stakabadhi yenye namba ya IMEI na hali ya simu.

• Ukikataliwa huduma ya waranti, omba sababu kwa maandishi. Kwa Tanzania, malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC).