Feni za Ziada Katika Kompyuta ya Mezani: Njia ya Hewa na Njia ya Umeme

Kijitabu hiki ni kwa walimu wanaotunza maabara za kompyuta, wenye maduka ya steshenari na intaneti, na kila mwenye kompyuta ya mezani ofisini au nyumbani. Kinaeleza namna ya kuongeza feni bila kuunguza mazabodi na bila kupoteza fedha.

Kwa nini joto ni adui

Kichakataji kikipata joto kali, hupunguza kasi chenyewe ili kijilinde. Katika kompyuta nyingi kikomo hicho kiko karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Kompyuta huwa nzito, feni hupiga kelele, na mwisho mashine hujizima na kazi isiyohifadhiwa ikapotea.

Feni haitengenezi baridi. Hutoa hewa moto ndani ya kasha na kuingiza hewa ya chumbani. Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 kwa urahisi katika miezi ya kaskazi, na hakuna feni itakayoshusha joto la kompyuta chini ya hapo. Ndiyo maana njia ya hewa ndani ya kasha ni muhimu kuliko wingi wa feni.

Kabla ya kununua

1. Safisha vumbi. Unapopuliza kwa blowa, shika mapanga ya feni yasizunguke, kwa sababu feni inayozungushwa kwa nguvu huweza kuzalisha umeme ukarudi kwenye mazabodi, na mhimili wake huharibika.
2. Sogeza kasha mbali na ukuta, na usiliweke ndani ya kabati lililofungwa.
3. Ikiwa kompyuta ni ya miaka mingi, mwombe fundi abadilishe grisi ya joto iliyo kati ya kichakataji na chuma cha kupozea.
4. Pima joto kwa programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, mashine ikiwa kazini. Andika namba uliyoiona.

Mara nyingi hatua hizi zinatosha. Kama joto bado liko juu, feni ya ziada ina kazi ya kufanya.

Soma lebo ya feni

Feni nyingi za kasha zina upana wa milimita 80, 92, 120 au 140. Pima nafasi za skrubu kabla ya kwenda dukani. Feni kubwa husogeza hewa nyingi kwa mzunguko wa taratibu, hivyo huwa na kelele kidogo.

Kisha tafuta maandishi "DC 12V". Kwenye maduka ya vipuri kuna feni zenye umbo hilohilo za volti 24, zinazotumika katika inveta na mashine za kuchomelea, na nyingine za volti 220 hadi 240 zinazotumia umeme wa ukutani. Usifunge hizo ndani ya kompyuta. Feni ya volti 24 itazunguka kwa unyonge au isizunguke kabisa, na ile ya umeme wa ukutani inaweza kuua.

Umeme utoke wapi

*Soketi za mazabodi.* Huandikwa SYS_FAN au CHA_FAN. Yenye pini tatu ina pini ya kurudisha umeme, ya volti 12, na ya kuripoti kasi. Yenye pini nne huongeza pini ya kuongoza kasi. Feni ya pini tatu huingia kwenye soketi ya pini nne, ila huenda ikazunguka kwa kasi ileile muda wote. Soketi ya CPU_FAN iachie feni ya kichakataji.

Soketi nyingi za mazabodi zimewekewa kikomo cha ampea 1. Thibitisha katika kitabu cha mazabodi yako. Ukitumia waya wa kugawa, jumlisha ampea zilizo kwenye lebo. Feni mbili za ampea 0.25 ni ampea 0.5, hapo uko salama. Feni nne za ampea 0.3 ni ampea 1.2: umevuka kikomo, na kinachoungua ni mazabodi. Acha na akiba, kwa kuwa feni huvuta umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka.

*Pawasaplai.* Feni ya volti 12 na ampea 0.25 hutumia wati 3 tu, kwa hiyo feni nne ni wati 12, mzigo mdogo kwa pawasaplai ya wati 300. Feni zikizidi uwezo wa soketi, tumia kebo ya Molex au kigawanyio kinachochukua umeme kwenye plagi ya SATA. Kwenye Molex, waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, na nyaya mbili nyeusi ni za kurudisha umeme. Feni iliyounganishwa moja kwa moja hapa huzunguka kwa kasi yote, na mazabodi haitajua ikisimama.

Hewa ipite wapi

Kasha lenye feni za kutoa peke yake ni kama chumba chenye dirisha moja. Weka feni ya kuingiza hewa mbele, chini. Ya kutoa iwe nyuma au juu. Katika feni nyingi hewa hutokea upande wenye mikono ya fremu inayoshika mota. Hewa inayoingizwa ikizidi kidogo inayotolewa, vumbi hupungua, mradi feni za kuingiza ziwe na chujio linalosafishwa.

Kufunga

1. Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache.
2. Gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini.
3. Funga feni kwa skrubu zake. Fungasha nyaya mbali na mapanga.
4. Chomeka plagi bila kulazimisha. Baadhi ya kompyuta za ofisini zinazouzwa mitumba zina plagi zenye mpangilio wao. Hizo mwachie fundi.
5. Washa, hakikisha kila feni inazunguka, na jaribu hewa kwa kipande cha karatasi.

Usifanye kamwe

- Usifungue pawasaplai. Kapasita zake hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.
- Usiunge nyaya kwa kusokota na kuziacha wazi. Shoti moja inatosha kuua mashine.

Baada ya kazi, pima joto tena mashine ikifanya kazi ileile na linganisha na namba uliyoandika mwanzo. Kama halikushuka, usiongeze feni nyingine. Kagua kwanza mwelekeo wa hewa, vumbi na grisi, au mwite fundi.