Tulipofungua Madaftari: Mafunzo Niliyopata Mara

Niliuguza wagonjwa wa akili mkoani Mara hadi nilipostaafu. Miaka ya mwisho, sisi wa Musoma, Bunda na Butiama tulikutana kila robo mwaka, kila kituo kikija na daftari lake. Mbinu yenyewe ilipewa umbo mwaka 1995 na Institute for Healthcare Improvement ya Boston, Marekani: timu za vituo mbalimbali hukaa pamoja, hurudi kazini kujaribu badiliko, hupima, kisha hukutana tena, kwa kawaida ndani ya miezi 6 hadi 15. Mradi wa kuboresha huduma uitwao EQUIP uliitumia Tandahimba, Mtwara, na Mayuge, Uganda, kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga. Wewe unayetaka kuitumia kwa afya ya akili, pokea haya.

1. Anzeni na mgonjwa asiyekuja

Kikao cha kwanza kilielekea kuishia kwenye malalamiko ya upungufu wa dawa. Ndipo muuguzi wa zahanati moja akauliza: waliochomwa sindano ya kila mwezi mara ya mwisho, wangapi wamerudi? Tukafungua madaftari. Kila kituo kilikuwa na majina mengi yaliyokatika katikati ya ukurasa. Nilishangaa. Miaka yote tulihesabu waliohudhuria, kwa sababu hao ndio waliohitajika kwenye taarifa. Lakini mgonjwa wa kifafa, ambaye naye tulimhudumia, akikatisha dawa yake ya fenobabitoni ghafla anaweza kushikwa na degedege mfululizo hadi akafa. Asiyekuja ndiye wa kumtafuta kwanza.

2. Chukueni swali la mwenzenu, jibu mtafute wenyewe

Hili ndilo lililonifundisha zaidi. Wenzetu wa Bunda waliihamishia kliniki siku ya mnada, maana familia zilikuwa zinakuja mjini siku hiyo vyovyote vile. Hawakubadilisha ratiba nzima. Walianza na wagonjwa wa kata moja, wakaandika kila wiki nani amefika. Mahudhurio yakapanda, wakatueleza kwa furaha.

Wenzetu wa upande wa Butiama wakafanya vilevile, na mahudhurio yakashuka. Ilikuwaje? Walipowauliza wasindikizaji, jibu lilikuwa wazi: wengi wao ni akina mama, na siku ya mnada ndiyo wanayouza mihogo na dagaa. Wangefungaje biashara ili wampeleke mgonjwa hospitali? Basi wakarudisha siku ya zamani, na wale ambao hali yao imetulia wakaanza kupewa vidonge vya miezi miwili. Hapo foleni ikapungua na wengi wakarudi kwa tarehe.

Lau tungeitoa ile ya Bunda kama agizo la mkoa mzima, tungewapoteza watu wa Butiama bila kujua sababu. Jaribuni kidogo, pimeni haraka, na lisilofaa liacheni bila kulaumiana.

3. Wa cheo cha chini azungumze kwanza

Mhudumu mmoja alinyamaza vikao kadhaa. Siku mganga mfawidhi wake alipotoka kupokea simu, akasema taratibu: familia zinatuficha kwamba zimepitia kwa mganga wa jadi, kwa sababu tunawakaripia. Hakuna aliyembishia. Hata mwongozo wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani uitwao mhGAP, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2010, uliandikwa kwa ajili ya watoa huduma wasio mabingwa, kwa kuwa wao ndio wanaompokea mgonjwa mlangoni. Tangu siku ile tulianza kuzungumza kwa zamu mezani, kuanzia wahudumu kwenda juu, na wakubwa wakasubiri zamu yao.

4. Msikae bila familia

Mama mmoja tuliyemwalika alieleza kwa nini kijana wake alikataa dawa ya haloperidoli. Shingo ilimkakamaa, mikono ikatetemeka. Nyumbani wakaamini ugonjwa umehamia kwenye misuli. Madhara hayo tunayajua sote na yana dawa, ila kwenye daftari letu tuliandika tu "amekataa matibabu". Mchana ule ule tuliongeza safu mpya kwenye daftari: dawa inamfanya nini mwilini? Yule mama akaomba naye afundishwe kuijaza nyumbani, na tukamchorea yake kwenye karatasi.