Ukitaka Kucheza na Maveterani wa Lumumba

Kama umehamia Bunia juzi na ukapata nyumba mtaani Lumumba, Jumapili ya kwanza utaamshwa na sauti za wanaume wazima wakigombana kwa heshima. "Papa, ile ni mukono!" "Mukono ya nani, Papa?" Rudi ulale kama unaweza. Ni maveterani tu, wanacheza mpira.

Miji mingine, mtu akishapata cheo na kitambi anaenda kwenye gofu. Kampala wana majani yao mazuri kule Kitante, Kinshasa wana yao Gombe, na Nairobi ndiyo usiseme. Sisi majani yetu yameliwa na mbuzi, umebaki udongo mwekundu, kwa hiyo kitambi tunakipeleka kwenye mpira. Ila ukikaa nasi mwezi mmoja utaona kuwa kila mmoja pale ana mchezo wake, na mpira ni kisingizio. Mimi ni beki wa kulia, nafasi wanayopewa watu ambao hakuna anayetaka kuwavunja moyo. Kutoka huku pembeni naona mengi. Ukitaka kujiunga, sikiliza haya.

1. Uliza ni saa ya nani. Tangazo la simu husema "saa 6". Katibu wetu alisoma kwa Kifaransa, kwa hiyo kwake hiyo ni jua likichomoza. Mwenzetu mmoja aliyefanya biashara Mombasa miaka mingi anahesabu Kiswahili cha kule, na mara ya kwanza alifika adhuhuri, godasi mkononi, akawakuta mbuzi. Kisha kuna mchuuzi wa vitenge ambaye kila mara yuko ng'ambo ya Ziwa Albert. Simu yake inabaki na saa ya Uganda, inayotangulia yetu kwa saa nzima, basi yeye ndiye wa kwanza kiwanjani na wa kwanza kukasirika. Naye fundi umeme aliyerudi kutoka Kinshasa, ambako saa iko nyuma ya huku, amekuwa akituambia kwa miaka minne sasa kwamba mwili wake bado haujazoea. Mchezo unaanza tukifika watu kumi na wanne.

2. Usimwite mtu kwa jina. Tuko ishirini na watatu, na kumi na wanne kati yetu ni viongozi. Kuna Prezida, kuna makamu wawili, kuna katibu, trezorie, mhusika wa nidhamu, mhusika wa vifaa (vifaa ni mipira miwili na pampu), na aliyekosa kiti anaitwa Konseye. Makonseye ni saba. Hata sijui wanamshauri nani.

Prezida mwenyewe anauza saruji na mabati. Jezi yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inaonekana kwa mbali, namba 10, soksi nyeupe kama za harusi. Dakika ya kumi na tano hushika kiuno, akatazama kiwanja kwa uso wa mtu mwenye mawazo mazito, kisha hutoka kwenda kusimama pembeni "ili aone mfumo". Ukimpa pasi akiwa anatazama mfumo, ataipisha ipite kisha akuambie ulipaswa kuipeleka upande wa pili. Wewe jibu, "Sawa, Prezida." Usiongeze neno.

3. Umri hauulizwi. Kanuni inasema veterani ni mtu aliyefikisha miaka 35. Tuna winga mmoja ambaye ana 35 tangu mimi nijiunge.

Kinyume chake ni yule mzee wetu wa kiungo. Kwenye daftari la timu ameandika kuwa amezaliwa 1981. Mpe chai, atakusimulia Kombe la Dunia la 1974 alivyolisikiliza redioni akiwa darasa la sita: Zaire ikafungwa na Scotland 2-0, na Yugoslavia 9-0, na Brazil 3-0. Anazitaja kwa fahari, kama mtu anayetaja watoto wake. Na Mwepu Ilunga! Brazil wamepewa mpira wa adhabu, wamejipanga, na Mwepu anachomoka kwenye ukuta na kuubutua mpira kabla hawajaugusa. Dunia ilicheka wakati ule. Mzee wetu hacheki hata kidogo. Kila tukipanga ukuta, anachomoka vilevile na kuubutua mpira mpaka barabarani, halafu anageuka kututazama kwa macho yaliyolowa. Tumeshaacha kumkanya. Wapinzani siku hizi wanamsubiri amalize, mtu anaenda kuuokota, ndipo wanapiga adhabu yao.

4. Usitegemee beki mwenye mkono juu. Beki wetu wa kati hakimbii. Mshambuliaji akimpita, yeye husimama wima, akanyoosha mkono wa kulia hewani kuonyesha kuwa yule ameotea, na kubaki hivyo hadi mpira utoke wavuni. (Wavu hatuna, lakini unanielewa.) Zamani tulimwita Poto, yaani nguzo. Mwishoni mwa 2025, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Morocco, akaonekana shabiki mmoja wa Kongo aliyesimama jukwaani bila kutikisika, mkono juu, akiiga sanamu ya Lumumba iliyoko Limete, Kinshasa. Mtaa wote ukamtazama beki wetu upya. Sasa anaitwa Sanamu, na tangu apate jina hilo hata hatua mbili alizokuwa akikimbia zamani ameziacha. Anasema watu wa mtaa huu ndio wangepaswa kumwelewa kwanza.

5. Kabla ya kona, muulize kipa bei ya dola. Huyu ndiye nimpendaye kuliko wote, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kipa wetu ni kambisti. Wiki nzima anakaa kwenye meza yake ndogo yenye kioo, na mabunda ya faranga yamefungwa kwa mpira wa kiti cha baiskeli, dola upande huu, shilingi za Uganda upande ule. Unajua dola za huku: ikiwa na mchaniko hata wa ukucha, haipokelewi na mtu. Mkono wake umezoea kupapasa kingo za noti kabla jicho halijaangalia, na mazoea hayo yanamfuata golini. Mpira ukimfikia taratibu, anaudaka, anauzungusha mara mbili, anapitisha kidole gumba kwenye mshono, na usoni unaona kabisa kuwa angependa kuurudisha kwa mwenyewe.

Simu yake haizimwi. Tulijaribu kumtoza faini, akalipa ya miezi mitatu mbele na kuomba punguzo. Jumapili moja, kona ya wapinzani, simu ikalia. Akaibana kwa bega. "Ndiyo, Mama. Mia moja? Mpya ao ya zamani?" Mpira ukapigwa, ukapita juu ya Sanamu (mkono juu, bila shaka), ukamgonga mzee wa 1974 kisogoni na kuingia polepole, ukigusa mguu wa kipa. Akautazama. "Mama, subiri kidogo," akasema, akatutupia mpira, akageuka tena. "Ile yenye kichwa kidogo sichukui."

Kwa hiyo, kabla ya kona, muulize bei ya dola. Akishakujibu hiyo, anaweza kukutazama.

6. Ukiumia, chechemea kuelekea nyumbani. Tuna mfamasia mmoja na mganga wa kuunga mifupa mmoja, nao hawasikilizani. Ukilala chini watafika wote wawili.

7. Mechi kubwa zipangwe Januari. Jumamosi winga wetu wa kushoto, Mwadventista, yuko ibadani. Jumapili makamu wa pili, mzee wa kanisa, anacheza nusu saa huku akitazama jua, kisha anavaa suruali juu ya bukta na kuondoka kwa motari. Timu kamili utaiona siku za mapumziko ya taifa tu, na hapo Kongo haijatunyima: tarehe 16 Januari ni ya kumkumbuka Laurent-Désiré Kabila, tarehe 17 ni ya Lumumba mwenyewe, zinafuatana. Tarehe 16 tunacheza na jirani zetu wa Nyakasanza. Tarehe 17 tunarudiana nao, kwa sababu matokeo ya jana hayajakubaliwa. Ni kiangazi, vumbi limesimama hewani, na kipindi cha pili mtu anatambua wenzake kwa kikohozi.

8. Lipa kotizasio kabla hujaulizwa. Trezorie ni mwalimu wa shule ya msingi, na daftari lake ni la kurasa tisini na sita lenye jalada la plastiki. Ndani kuna mistari iliyopigwa kwa rula: tarehe, jina, kiasi, sababu. Kuchelewa, faranga elfu moja. Kumtukana mwamuzi, elfu moja. Kumtukana trezorie, elfu mbili. Anaandika kwa kalamu nyekundu, kama anasahihisha hesabu zako, na akimaliza anakusomea kwa sauti ili ujue umeanguka.

Ukikosa mechi tatu, hakuna atakayekukumbuka. Ukikosa matanga, utalieleza jambo hilo mpaka uzeeni. Msiba ukitokea kwa mmoja wetu, trezorie ndiye anayepita nyumba kwa nyumba na daftari, na jioni hiyohiyo kuna turubai, viti, gunia la makala na unga. Mwaka mmoja mwenzetu alipokea jamaa kumi na mmoja waliokimbia kutoka vijijini Djugu, nyumba ya vyumba viwili. Trezorie alifungua ukurasa mpya, akaandika majina yetu yote, na pale penye "sababu" hakuandika kitu. Niliuona ukurasa ule kwa bahati tu. Baadhi ya kiasi nilichosoma kilinishangaza, hasa cha Prezida.

9. Kabila na siasa viache kwenye jiwe pamoja na makubazi. Kuna jiwe kubwa karibu na goli la juu, tunaweka pale viatu na funguo. Wengi wetu tulikuwa Bunia wakati wa vita, mwaka 2003, na kila mmoja anajua mwenzake alikuwa upande gani wa mji na kwa nini. Hatulizungumzii. Tunagombania penalti.

Mwamuzi peke yake ndiye aliyebeba jina la kisiasa. Mwezi Mei 2021 mkoa ulipowekwa chini ya état de siège, yaani utawala wa dharura wa kijeshi, yeye siku hizohizo alisimamisha mchezo dakika ya thelathini, akafuta kona zote, na kuamua mwenyewe nani anarusha. Ameitwa État de siège mpaka leo. Huwa anatuambia ni hatua ya muda.

10. Usikose kipindi cha tatu. Kinachezwa chini ya mwembe, nyuma ya nganda, na ndicho watu wanachokijia. Michopo ya mbuzi (tuseme ni kisasi cha majani yetu), pilipili, mihogo ya kuchemsha, siku nyingine samaki aliyeletwa alfajiri kutoka Kasenyi, na Primus kwa wanaokunywa, soda kwa wazee wa kanisa. Nyota hapa ni mtu ambaye hachezi kabisa. Anadai goti. Anakaa pembeni dakika zote akila karanga, lakini mchezo ukiisha yeye ndiye anayeusimulia, na ni katika masimulizi yake tu ndipo mimi nimewahi kumpiga mtu chenga. Bao la mita sita linafika mita thelathini kabla chupa ya pili haijafunguliwa. Usimsahihishe. Wiki ijayo huenda ikawa zamu yako.

11. Jifunze kumwamkia mama wa ukuta wa matofali. Mzee wa 1974 akibutua kuelekea bonde, mpira unaenda barabarani. Akibutua upande wa pili, unaangukia kwenye uwanja wa mama mmoja anayeanika mihogo, na anayeufuata daima ni mwanachama mpya. Vua kofia. Usigonge geti, piga hodi kwa sauti. Amkia kwanza, uliza habari za watoto, sifu mihogo.

Mimi nilipotumwa mara ya kwanza, nilisahau yote hayo. Nilisema tu, "Mama, tunaomba mupira."

Alinitazama kuanzia godasi mpaka mvi. Mpira alikuwa ameukalia.

"Papa," akasema, "baba yako anajua kama uko huku?"