SOMO LA VIPIMO: RISASI, KIRAKA NA MTUTU WA BUNDUKI YA KUSHINDILIA

Karani wa chama cha msingi anajua kwamba mzigo wa pamba ulioandikwa kilo 50 si wa kilo 50 mpaka upande kwenye mizani. Kanuni hiyo huwaongoza pia watu walio mbali na maghala ya pamba, nao ni wapiga shabaha wa Marekani watumiao bunduki za kushindilia. Chama chao cha kitaifa kiliundwa mwaka 1933, na mashindano yake hufanyika katika kijiji cha Friendship, jimbo la Indiana. Mfano wao umechaguliwa kwa sababu mbili: kosa lao la kipimo huonekana papo hapo, na kimoja kati ya vitu wanavyopima ni kipande cha kitambaa cha pamba.

1. Asili ya jambo

Katika karne ya 18 mafundi wa Pennsylvania, wengi wao wa asili ya Kijerumani, walitengeneza bunduki ndefu zenye mifuo ndani ya mtutu. Mifuo hiyo hupinda kama hesi ili risasi itoke ikizunguka na kushika njia iliyonyooka. Hapo ndipo bunduki hizo zinapotofautiana na gobore la Afrika Mashariki, ambalo mtutu wake kwa kawaida ni laini ndani.

Risasi yake ni ya mviringo kama gololi, tena ni ndogo kuliko mtutu. Huwekwa juu ya kiraka kilichopakwa mafuta, kisha vyote viwili husukumwa kwa mdeki hadi kwenye baruti. Kiraka kina kazi tatu: kuzuia moto wa baruti usipite kando, kushika mifuo ili risasi izunguke, na kuzuia risasi isikwaruzane na chuma. Risasi ikishatoka, kiraka huanguka njiani.

2. Hesabu yake

Mtutu uitwao "hamsini" una upana wa nusu inchi, yaani milimita 12.70. Kwa kawaida mtu huanza na risasi iliyopungua upana huo kwa milimita 0.25, yaani milimita 12.45. Kiraka kikiwa na unene wa milimita 0.38, hapana budi kihesabiwe mara mbili, kwa kuwa kiko kila upande wa risasi:

12.45 + 0.38 + 0.38 = 13.21

Jumla imezidi upana wa mtutu kwa milimita 0.51. Yawezekanaje basi kuingia? Jibu limo katika mifuo. Mfuo wenye kina cha milimita 0.25 huongeza nafasi kila upande, na upana kutoka chini ya mfuo hadi chini ya mfuo unaoukabili huwa milimita 13.20. Juu ya matuta kitambaa hubanwa, na ndani ya mifuo hujaza nafasi iliyobaki. Mtutu wenye mifuo ya kina zaidi huhitaji kiraka kinene zaidi, hata kama risasi ni ile ile.

3. Jina si kipimo

Bunduki mbili zenye jina moja huweza kutofautiana. Zamani upana wa mtutu ulitajwa kwa idadi ya risasi zilizotoka katika ratili moja ya madini ya risasi. Kwa mtutu wa milimita 12.70 zilipatikana kama 37. Bunduki ya marisau iitwayo "namba 12" imerithi hesabu hiyo. Kwa kuwa kila fundi alikuwa na kipimo chake, mnunuzi alipewa bunduki pamoja na kalibu yake ya kusubia risasi.

Kwa hiyo mtutu, risasi na kitambaa hupimwa kwa mikromita. Kitambaa hupimwa kikiwa kimebanwa, maana kikilegea hudanganya, kama pamba iliyolowa maji idanganyavyo mizani. Kifaacho ni cha pamba au kitani, kilichofumwa kwa kukazwa kama kile cha godoro. Kikiwa kipya hufuliwa kwanza ili wanga utoke. Nailoni haifai, kwa kuwa huyeyuka.

4. Kiraka ni stakabadhi

Baada ya kupiga, kiraka huokotwa hatua chache mbele ya bunduki na kukaguliwa. Kikiwa kizima, chenye doa jeusi katikati, vipimo vimepatana. Kikiwa kimeungua au kutoboka, huenda ni chembamba mno au mafuta hayakutosha. Kikiwa kimechanika kama kilichokatwa kwa kisu, matuta au mdomo wa mtutu una ncha kali.

Mpiga shabaha mwangalifu hubadili kitu kimoja tu kwa wakati. Hupiga risasi tano, huandika alichokiona, ndipo hujaribu kiraka kingine. Abadilipo risasi na kiraka kwa pamoja, hawezi kujua kipi kilichomsaidia.

5. Tahadhari

Mbano ukizidi, risasi hukwama kabla ya kufika kwenye baruti, na mtutu waweza kupasuka ukilipuliwa hivyo. Kwa sababu hiyo mdeki hutiwa alama ya kina. Alama isipofika kwenye mdomo wa mtutu, bunduki hailipuliwi kamwe.

Risasi husubiwa kwa madini laini yasiyochanganywa, mahali penye hewa, na mikono hunawiwa baadaye, kwa maana madini hayo ni sumu.

Yafaa ieleweke kwamba vipimo hivi ni vya mitutu iliyokaguliwa na fundi. Gobore lililoundwa kwa bomba la maji haliponywi na kiraka chochote. Limekwisha kuwakata watu vidole na kuwatoa uhai, na kulitengeneza au kulimiliki bila kibali ni kosa la jinai.

6. Hitimisho

Jina la kitu ni mwanzo wa kukijua, na kipimo ndicho kikithibitishacho. Kumbukumbu iliyoandikwa humzuia mtu asirudie kosa alilokwisha kuligharimia. Chama kisichopima mizani yake kabla ya msimu hakina tofauti na mtu ashindiliaye risasi kwa kubahatisha.

Maswali ya majadiliano

(a) Kwa nini unene wa kiraka huhesabiwa mara mbili?
(b) Mtutu una upana wa milimita 11.43. Mtu aanze na risasi ya upana gani?
(c) Ni vipimo gani katika chama chenu vinavyoaminiwa kwa jina tu? Mara ya mwisho vilikaguliwa lini, na nani aliandika matokeo?