Wiki ya Watoto ndani ya World of Warcraft

Kila mwaka, karibu na mwanzo wa Mei, gemu ya World of Warcraft huwa na Wiki ya Watoto. Naingojaga kwa hamu.

Ukifika mji wa Stormwind unamtafuta mlezi wa yatima, Matron Nightingale. Anakupa filimbi, ukiipuliza, mtoto anatokea na kuanza kukufuata. Hapo hakuna cha kuua mazimwi. Dogo anataka kurusha tiara. Anataka aiskrimu. Anataka kwenda Ironforge kumwona mfalme aliyegeuka almasi (watoto bwana!). Mwishoni unamrudisha kwa mlezi, nawe unapewa mnyama wa kufuga. Mimi nilichagua kobe, anaitwa Speedy.

Kinachonigusa ni kwamba hawa ni yatima wa vita, vita vilevile tunavyopigana sisi wachezaji wiki nyingine zote. Gemu haikuhubirii, inakukabidhi mtoto tu. Ndiyo maana nikisoma Mathayo 18, wanafunzi wanauliza nani mkubwa na Yesu anamsimamisha mtoto katikati yao, namkumbuka yule dogo na aiskrimu yake.

Ila kuna tuzo moja inayokutaka umpeleke yatima huyohuyo kwenye uwanja wa mapigano, ukapiganie bendera naye yupo pembeni yako. Wenzangu wameihangaikia miaka na miaka. Mimi hiyo hapana kwa kweli. Wa kwangu tulibaki Stormwind, tukarusha tiara mpaka wiki ikaisha.