Ukuta Kati ya Nguzo: Ghorofa Zetu na Tetemeko la Ardhi

Tarehe 17 Julai 2007, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilitokea karibu na Mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania. Hata Nairobi watu walitoka mbio majengoni. Mwaka wa 1928, Januari 6, lilitokea kubwa zaidi nchini mwetu, la kipimo cha 6.9, huko Subukia. Kaunti ya Machakos haiko mbali na Bonde la Ufa, kwa hivyo mwenye ploti ana sababu ya kujua jengo lake litafanya nini ardhi ikitikisika.

Ghorofa nyingi za Mlolongo, Tala na mjini Machakos hujengwa kwa namna moja. Nguzo na boriti za zege hubeba uzito, kisha fundi hujaza nafasi zilizobaki kwa mawe ya kuchonga au bloku. Mara nyingi kuta hizo huhesabiwa kuwa mzigo tu. Lakini jengo likisukumwa upande, nguzo hutaka kupinda, na ukuta ulio kati yake, kwa kuwa ni mgumu, hukataa. Nguvu hupita ndani yake kutoka pembe hadi pembe, na ndiyo sababu baada ya tetemeko utaona nyufa za mshazari, wakati mwingine zikikatana kama herufi X.

Kuta zikipangwa vizuri kuanzia chini hadi juu, husaidia. Hatari huja zinapokosekana kwenye ghorofa moja.

Na hapo ndipo tulipo. Chini ni maduka: mbele wazi, milango ya chuma, pengine kuta za katikati zimebomolewa ili mpangaji apate supamaketi. Juu ni vyumba vya kupangisha vilivyojaa kuta. Sehemu ya juu hutikisika kama sanduku moja gumu, na msukosuko wote hukusanyika kwenye nguzo za chini. Nchini Uturuki, Agosti 17, 1999, majengo mengi ya aina hii yalilalia ghorofa yao ya chini. Waliokufa katika tetemeko hilo walizidi 17,000.

Kosa la pili halionekani upesi. Ukuta ukijengwa hadi nusu ya nguzo ili kuacha dirisha refu, kama tunavyoona katika madarasa, ni kipande kifupi cha juu tu cha nguzo kinachobaki huru kupinda. Kipande hicho hupasuka kwanza.

Kwa anayejenga sasa, mwambie mhandisi mapema kwamba chini kutakuwa na maduka, ili aimarishe nguzo hizo au aweke kuta za zege. Ukiwa sitini, tazama ringi kabla ya zege kumwagwa. Ziwe karibu karibu zaidi kwenye ncha za nguzo, juu na chini, na ncha za kila ringi zikunjwe kuingia ndani ya nguzo, si kuishia kwenye kona. Fundi akisema ringi nyingi ni kupoteza chuma, msimamishe na umwite mhandisi.

Jengo likiwa tayari lina wapangaji, usibomoe ukuta wowote wa chini kabla mhandisi aliyesajiliwa hajaukagua na kaunti kuidhinisha mabadiliko hayo, hata kama fundi anakuhakikishia kwamba ukuta huo “haubebi kitu”.